Neno Halideseki

Pita kijiwe chochote cha bodaboda pale Omurushaka, njia panda ya Kayanga huku na Nkwenda mpaka Murongo kule, uwasikilize wana wakipiga stori. Neno jipya likiingia na ngoma kali ya Jumatatu, Ijumaa washalitema wote, na dogo anayeuza karanga naye kalinyaka. Hakuna aliyeliandika kwenye daftari. Hakuna ticha aliyelichora ubaoni. Limeingia, limekaa, na kila mmoja analipachika pale pale linapotakiwa.

Washkaji hao hao wakiwa skonga wanaitwa vilaza. Ngeli haipandi, Kiswahili chenyewe wanapata D, insha ya ukurasa mmoja inawatoa jasho. Mimi nakataa. Kichwa kinachonyaka neno la mtaani ndani ya siku nne hakiwezi kuwa kibovu ikifika saa mbili asubuhi darasani. Kinachobadilika ni namna tunavyolikamata neno. Mtaani tunalisikia likiwa kazini, tunalijaribu siku hiyo hiyo, tukilichapia wana wanaturekebisha, kesho tunalirudia. Darasani tunalinakili, tunalimeza usiku wa kuamkia pepa, tunalitapika asubuhi, basi. Kitaa kina njia safi ya kujifunza, na ni ya kweli kabisa, kwa sababu kijiweni huwezi kujifanya unalijua neno. Ukilitumia ndivyo sivyo unashtukiwa hapo hapo.

Na msamiati wa kitaa usiuchukulie poa. Mwaka 2006 wasomi wawili, Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling, walichapisha kwenye jarida la Swahili Forum utafiti wa lugha ya mitaani ya Tanzania, na ndani yake wakaweka kamusi ya maneno na misemo 1,100. Kenya walishatangulia, kamusi ya Sheng ya Ireri Mbaabu na mwenzake ilitoka 2003. Piga hesabu mwenyewe: maneno na misemo 1,100 inatembea vichwani mwa vijana, bila tusheni, bila ada, bila kiboko. Halafu mtu aniambie kijana wa Nkwenda hana uwezo wa kushika maneno matano ya Kiingereza kwa siku!

Huku kwetu mzigo ni wa lugha tatu. Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka wilaya ya Karagwe mwaka 2012, ila lugha haikumegwa. Pande zote mbili, nyumba nyingi zinaongea Runyambo. Ukivuka mto Kagera pale Murongo ukaingia Kikagati, Uganda, unakutana na Runyankore, na mnaelewana freshi tu na biashara inaenda. Mtoto akianza darasa la kwanza anapokewa na Kiswahili, na hapo kuna mteremko kiasi, maana lugha hizi ni ndugu. Embuzi ni mbuzi, omuti ni mti, enyama ni nyama. Nusu ya safari ashaimaliza kabla hajavaa sare. Kisha unafika ule Januari wa kidato cha kwanza, na ghafla Bailojia ni Kiingereza, Jiografia ni Kiingereza. Anapewa wiki kadhaa za kuizoea lugha, halafu mwendo. Na Kiingereza hakina undugu wowote na embuzi. Kila neno ni geni, hakuna pa kushika.

Hapo ndipo desa linapopata soko.

Kila aliyepita sekondari nchi hii analijua desa. Kuna lile la majibu yaliyokwishaandaliwa, unameza kama yalivyo, hata nukta zake. Kuna chabo kwa kipanga aliyekaa mbele. Kuna vibomu kwenye soksi. Kuna na desa la kistaarabu zaidi, ambalo hakuna msimamizi anayelikamata: unanakili kazi ya mwenzako ya msamiati saa moja na nusu asubuhi, ticha anaweka vema nyekundu, unarudi kukaa na maneno kumi yenye vema ambayo huyajui hata moja. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu anayeibiwa ni wewe na anayeiba ni wewe. Alama inaweza kuhamishwa kutoka daftari moja kwenda jingine. Neno haliwezi. Ukiulizwa kwenye intavyu ya kazi, ukisimama mbele ya daktari, ukisoma mkataba wa mkopo wa pikipiki, kipanga wa kukaa mbele yako hayupo.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mwanzoni mwa 2013, wengi wenu mlikuwa hata chekechea bado. Watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata divisheni ziro, zaidi ya nusu ya waliofanya. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Zilitajwa sababu za kila aina, walimu wachache, maabara hakuna, vitabu hakuna, na lugha ikiwemo. Mimi nasema hivi: mtahini akigeuza swali kidogo tu, aliyemeza majibu amekwisha, maana hakusoma swali, alikuwa anatafuta sura aliyoizoea. Mwenye msamiati hata swali lije kinyumenyume atalisoma, atalielewa, na atakuwa na la kusema.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania nzima iliimba nyimbo za Saida Karoli, binti wa mkoa wetu huu huu wa Kagera. Mtwara waliimba, Arusha waliimba, harusini na kwenye daladala, Kihaya kimenyooka. Wangapi walijua wanaimba nini? Kwenye muziki hiyo haina shida, utamu unafika hata maana isipofika. Ila kuna wanaosoma kitabu cha ngeli kwa staili hiyo hiyo. Neno wameliona mara ishirini, sura yake wanaijua, sauti yake wanaijua, wakiulizwa wanatikisa kichwa "nalijua hilo." Muulize sasa maana yake ni nini. Anacheka, anasema "liko kichwani ila siwezi kulielezea." Hapana, mwanangu. Kama huwezi kulielezea kwa Kiswahili chako, au kwa Runyambo, au ukalitungia sentensi, bado hujalijua, na kulikiri hilo ndiyo hatua ya kwanza. Ukweli wenyewe hauna gharama: funika maana kwa kiganja, jiulize, jibu kwa sauti, funua. Umepata au umekosa. Hakuna wa kumpiga kamba hapo.

Hili la kujiuliza si maneno ya kijiweni tu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, akayachapisha 1885. Alikuwa anakariri silabi zisizo na maana yoyote, kisha anapima baada ya muda amebakiwa na nini. Saa moja tu ikipita, zaidi ya nusu ya kazi yake ilishapotea. Baadaye sana, mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi kifungu cha habari. Wengine wakakisoma tena, wengine wakafunga karatasi na kujaribu kukikumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka kama asilimia 56, waliorudia kusoma tu asilimia 42. Sasa unaelewa kwa nini msuli wa usiku mmoja unakudanganya. Ukiamka asubuhi unajiona mkali kweli, na ukali huo unaweza kukufikisha kwenye chumba cha mtihani. Haukufikishi mwezi ujao.

Kuna mwandishi mwingine, Sebastian Leitner, mwaka 1972 alieleza mbinu ya boksi ambayo naona imekaa vizuri kabisa kwa maisha ya huku. Haihitaji bando, haihitaji umeme, haihitaji simujanja. Tafuta boksi la biskuti dukani, watakupa bure wakiwa wamelimaliza. Ligawe vyumba vitano kwa vipande vya kadibodi. Kata magamba ya madaftari ya mwaka jana yawe kadi, kila kadi neno moja. Mbele andika neno, nyuma maana. Neno jipya linaanzia chumba cha kwanza, na chumba hicho unakipitia kila siku. Ukilipata linahamia cha pili, ambacho unakipitia baada ya siku mbili tatu. Ukilipata tena, cha tatu, mara moja kwa wiki, na kuendelea. Ukilikosa, hata kama lilishafika chumba cha nne, linarudi cha kwanza bila huruma. Boksi lako litakuonyesha peupe nini unajua na nini unajifanya unajua.

Kadi yenyewe ndiyo inataka akili. Wengi wanaandika neno la Kiingereza mbele, neno moja la Kiswahili nyuma, wanaishia hapo, na ndiyo maana neno linabaki mgeni. Chukua "harvest." Nyuma usiandike "kuvuna" peke yake. Andika sentensi ya kwenu: "We harvest coffee in June." Kahawa unaijua, umeichuma, vidole vyako vinaikumbuka. Maza akikwambia asubuhi uianike kwenye turubai, kuna "spread" hapo. Jua likiwaka kuna "dry." Wingu likitanda na wote mnakimbia kuikusanya, kuna "gather," na kuna "before the rain." Maneno manne umeyapata bila kutoka uani kwenu, na kila ukianika kahawa msimu huo yatajirudia yenyewe. Siku ticha wa Fizikia akitamka "evaporation," neno refu linalotisha, wewe ushaliona likifanya kazi juu ya turubai la maza, kahawa ikipungua uzito kabla ya kupelekwa chama cha ushirika. Hutalikariri, utalitambua.

Mwalimu wa Kiingereza Michael West alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi, na walioichunguza lugha hiyo baada yake wamekuta kwamba maneno 2,000 ya mwanzo yanabeba karibu 80 kati ya kila maneno 100 ya maandishi ya kawaida. Matano kwa siku, siku 400. Dogo aliyeanza kidato cha kwanza Januari, akikomaa, anayamaliza mapema kidato cha pili, kabla ya ule mtihani wa Novemba. Matano. Si hamsini. Anayeniambia anasoma hamsini kwa siku namheshimu, ila namuomba anionyeshe ya juzi.

Mnapotaka mfano wa mtu aliyetoboa kwa maneno, wengi mnataja wasanii wa Dar. Mimi nawapa mtu aliyepita hapa hapa Karagwe. Novemba 1861 msafara wa Waingereza John Speke na James Grant uliingia kwa mfalme Rumanyika, Bweranyange. Grant aliugua mguu vibaya, akaachwa hapa Speke alipoendelea na safari Januari 1862. Kwenye msafara huo alikuwepo mwanamume mmoja aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Myao, akatekwa utotoni, akauzwa utumwani, akapelekwa India. Kule akaishi miaka mingi, akajifunza Kihindustani. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Zanzibar. Speke naye Kihindustani alikijua kwa sababu alikuwa askari India. Basi Mzungu anaongea Kihindustani na Myao, Myao anageuza kwenda Kiswahili, na Kiswahili kinaingia kwa watu wa huku bara. Kilishafika kabla yao, maana pale Kafuro, karibu na ikulu ya Rumanyika, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walishaweka kituo.

Bombay hakukaa dawati hata siku moja. Lugha za ugenini alizipata akiwa kazini, na mara ya kwanza akiwa mtumwa, katika hali ambayo hakuna kati yetu angeitamani. Hakuwa na wa kumdesea. Akikosea neno mbele ya mtawala, msafara mzima unaweza kukosa chakula au njia. Alisafiri na Burton na Speke 1857, akarudi na Speke na Grant, akawa na Stanley 1871, kisha akavuka bara zima na Cameron mpaka Atlantiki. Chama cha Jiografia cha Uingereza kikampa medali ya fedha. Kila nikimsikia mshkaji akisema "ngeli ni ya watoto wa shule za kulipia" namkumbuka Bombay, na nasikia uchungu kwamba vitabu vya shule vinamtaja kwa mstari mmoja au havimtaji.

Kiswahili chenyewe nacho tunakionea. Kwa sababu tunakiongea tunadhani tunakijua, kumbe tunazunguka na maneno yale yale, "kitu," "ile ishu," "yaani," "unajua." Dawa yake ni kusoma kitabu kizima. "Watoto wa Mama N'tilie" ya Emmanuel Mbogo ni nyembamba, unaimaliza wikiendi moja. "Ngoswe" ya Edwin Semzaba ni tamthiliya, isomeni kwa sauti, mgawane wahusika, mtacheka na mtajifunza. Anayesoma muhtasari wa maudhui na fani ameokota mifupa, nyama imebaki kitabuni, na nyama hiyo ndiyo msamiati. Redio nayo itumie. FADECO ya hapa Karagwe inaongea mambo ya kilimo na afya kwa Kiswahili kilichotulia, na ukiwa na kitochi chenye redio unaweza kunyaka neno moja kila jioni ukiwa jikoni. Kamusi ikiwa ghali, wana watano wachange, inunuliwe ya TUKI au Kamusi Kuu ya BAKITA, ikae kwa zamu.

Hapo kwenye wana watano nataka niweke msisitizo. Kijiweni ukilichapia neno jipya la mtaani unachekwa kishkaji, unarekebishwa, stori inaendelea. Dogo akitema ngeli akasema "he go" badala ya "he goes," anachekwa mwezi mzima, anapewa jina, na kuanzia siku hiyo anafunga mdomo. Nimeona watoto wenye vichwa vizuri sana wakinyamazishwa namna hiyo, na wanaowanyamazisha hawajui hata wao "goes" inatoka wapi. Hii tabia tuiache, na tuiache sisi wenyewe, ticha hawezi kutuachisha. Mkiamua watano kwamba kila Jumamosi kuanzia saa kumi, baada ya mishe za shamba, mnaulizana kadi za boksi na hakuna kucheka kosa, mtashangaa mdomo unavyofunguka. Kanuni iwe moja: asiyejua anasema "sijui" na anaambiwa. Kosa likitajwa wazi linarekebishwa hapo hapo. Likifichwa linakwenda kuonekana kwenye pepa.

Na msiiache Runyambo nyuma mkidhani ndiyo inawavuta chini. Kaa na bibi shambani umuulize kila aina ya ndizi inaitwaje, ipi ya kupika, ipi ya pombe, ipi ya kuivisha, na jani kavu lina jina gani na bichi jina gani. Utakuta ana msamiati mpana kuliko kitabu chako cha Bailojia. Mzee mpiga nanga, kile chombo cha nyuzi, naye ni maktaba. Profesa Mugyabuso Mulokozi aliandika tasnifu yake ya udaktari, 1986, juu ya tenzi za nanga za Wahaya, majirani zetu, na hakuzikuta kwenye rafu, alikwenda kwa waimbaji. Lugha yetu nayo imeshaandikiwa kitabu. Josephat Rugemalira aliandaa msamiati wa Runyambo, Kiswahili na Kiingereza, ukatoka 2002 chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lugha zako zote tatu, ukurasa mmoja! Kwa mtoto wa Kayanga au wa Kaisho sijaona kitu kinachomfaa zaidi ya hicho, na nashangaa hakipo kwenye kila dawati la kidato cha kwanza huku.

Kama shuleni kwenu hakipo, mwendee ticha wa Kiswahili, mwombe akiulizie chuo kikuu, hata nakala moja ya kukaa ofisini. Ikifika, fungueni na bibi akiwa karibu. Neno analolijua yeye na kitabuni halimo, liandikeni kwenye karatasi ya pembeni: neno, maana yake kwa Kiswahili, sentensi moja aliyoitoa mwenyewe, na jina la kijiji mlikolisikia.